Risasi ya Kusubu, Bunduki ya Wenzo na Gobori la Nyumbani



Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini: yale mazito, laini, ya kijivu, ambayo mvuvi wa Tanganyika huyayeyusha ili apate chubwi za nyavu zake. Risasi ni pia kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Wazee waliolipa neno hili maana mbili walikuwa na sababu yao, kwani kwa karne nyingi kitu cha pili kilitengenezwa kwa kile cha kwanza, katika kalibu ya mkono, juu ya moto wa makaa.

Kutokana na ujamaa huo wa maneno, wako wanaodhani kwamba awezaye kusubu chubwi aweza pia kusubu risasi ya bunduki, kisha akajaza baruti na kupiga. Wako pia wanaoweka risasi ya zamani katika sanduku la nguo au juu ya kabati, wakiiona kama kipande cha chuma kilichokwisha kazi. Dhana zote mbili zina hatari. Wenye kuuliza kwa nini wastahili kuelezwa, wala si kukatazwa tu, na kwa hiyo somo hili litakwenda hatua kwa hatua.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kile ambacho watu hukiita risasi nzima kina sehemu nne, na tutazitenga kwa maneno, si kwa koleo. Nje kabisa ni ganda, mara nyingi la shaba ya manjano. Kitakoni mwa ganda imo fataki, kidonge kidogo kinachowaka kikigongwa. Ndani imo baruti. Mdomoni imebanwa risasi yenyewe. Mpigaji anapovuta kifyatulio, kipigio hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka kuwa gesi ya moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Gesi hiyo hutafuta njia ya kutoka. Ikiwa kila kitu kimepimwa sawasawa, njia nyepesi kuliko zote ni kuisukuma risasi mbele, ipite katika mtutu ambao ndani umechongwa michirizi ya kuizungusha, kama pia inavyozungushwa na kamba ili isimame wima. Ikiwa vipimo havikukaa sawa, gesi itapita mahali pengine, na mahali pengine maana yake ni penye uso na mikono ya mpigaji.

Bunduki ya wenzo iliufikia mwambao wetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ni ile ambayo chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma: mpigaji huusukuma chini na kuurudisha, na kwa tendo hilo moja ganda tupu hutupwa nje, risasi nyingine ikaingia. Mwezi wa Novemba 1871, Henry Morton Stanley na David Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakaja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, wala hautoki. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lina majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Stanley aliandika orodha ya silaha za msafara wake: ilikuwamo Winchester moja na Henry moja, zote mbili za wenzo na za mipigo kumi na sita, na pamoja nazo bunduki 24 za gumegume kwa ajili ya askari wa msafara. Orodha hiyo yatuonyesha nani alikuwa na nini: kifaa kipya kwa bwana, cha kale kwa waliomlinda.

Bunduki hizo mbili za Stanley zilikuwa na kasoro moja ambayo yahusu sana somo letu. Katika risasi zake, kiwashio hakikuwa kidonge cha katikati, bali kilitandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Ganda likishapigwa, ukingo umepondeka, na halifai kujazwa tena. Sanduku la risasi likiisha katikati ya safari, bunduki ya fedha nyingi inakuwa fimbo. Ndipo mwaka 1873 kiwanda cha Winchester kikatoa bunduki ya wenzo yenye risasi za fataki ya katikati, fataki inayoweza kung'olewa na kuwekwa nyingine. Mkulima wa magharibi ya Marekani, aliyekaa mbali na duka, akaweza kuokota maganda yake, kusubu risasi mpya kwa kalibu ndogo, na kuyajaza tena nyumbani. Kiwanda chenyewe kiliuza vyombo vya kazi hiyo. Hapo ndipo ilipoanza kukua sanaa ya kujaza risasi kwa mkono, ambayo baadhi ya wapenda shabaha wa nchi hizo wanaiendeleza hata leo kwa bunduki kongwe ambazo risasi zake ni adimu madukani.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa, na ndani yake yakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika ukanda wote wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, isipokuwa kwa idhini na uangalizi wa serikali. Bunduki za gumegume zisizo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa nafasi. Burundi yetu imo katikati ya ukanda huo. Basi silaha iliyobaki kujulikana na watu wa kawaida ilikuwa ile ya kushindiliwa kwa mdomo, ambayo Waswahili huiita gobori. Kirundi kimelihifadhi neno hilo katika umbo la mugobore, na leo latumika kwa bunduki yoyote iliyoundwa nyumbani kwa bomba na mbao.

Sasa tutazame jinsi fundi makini anavyojaza risasi za bunduki ya wenzo ya zamani, pale ambapo sheria ya nchi yake inamruhusu. Sitatoa vipimo, kwa kuwa somo hili si la kufundisha kazi hiyo. Nitaeleza tu anahofia nini, maana kwa kujua anachokihofia tutajua ni kitu gani kinachokosekana kabisa katika mugobore.

Hofu yake ya kwanza ni ukubwa wa risasi. Mitutu ya bunduki za kale haikuwa sawa hata ilipotoka kiwanda kimoja, na miaka mia na zaidi ya matumizi na kutu imeongeza tofauti. Kwa hiyo yeye hupima tundu la mtutu wake mwenyewe, kisha huchagua kalibu itakayotoa risasi iliyozidi tundu hilo kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Ikiwa nyembamba, gesi itapenya pembeni, itayeyusha ngozi ya risasi, na risasi haitashika michirizi. Itakwenda ikiyumba kama mlevi. Ikiwa nene kupita kiasi, itakwama, na nguvu iliyo nyuma yake itapanda.

Hofu ya pili ni ugumu wa madini. Risasi tupu ni laini mno hata ukucha unaweza kuikwaruza. Fundi huichanganya na bati na antimoni ili iwe ngumu kidogo, lakini si ngumu kama chuma. Hata hivyo hawezi kuiendesha kwa kasi ya risasi za kisasa. Risasi ya Winchester ya 1866 ilitoka kwa mita 340 hivi kwa sekunde. Ile ya bunduki za kivita tulizozizoea huzidi mita 700, na ndiyo maana imevikwa koti la chuma au shaba. Risasi ya kusubu, isiyo na koti, ikisukumwa kwa kasi kubwa mno, hubandika madini yake ndani ya mtutu, na kila mpigo huongeza tabaka jingine. Shabaha huharibika kwanza, kisha njia yenyewe huwa nyembamba. Fundi mwerevu anaridhika na mwendo wa pole. Ajabu ya kazi yake ni kwamba usahihi hautokani na nguvu, bali na usawa: risasi ya kumi ifanane na ya kwanza kwa uzito, kwa umbo, kwa mafuta iliyopakwa, na kwa baruti iliyo nyuma yake.

Hofu ya tatu, na ndiyo kubwa, ni baruti. Bunduki nyingi za wenzo za karne ya 19 zilijengwa kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mzito. Baruti hiyo hujaza ganda karibu lote, na nguvu yake yajulikana. Baruti isiyo na moshi, iliyoenea baada ya miaka ya 1880, ina nguvu nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Mtu akiijaza kwa macho, kama alivyozoea kujaza ile nyeusi, amekwisha kutengeneza bomu. Tena, kwa kuwa kipimo chake sahihi ni kidogo, katika ganda kubwa la zamani huonekana kama hakijafika nusu. Mjazaji aliyesahaulishwa na maongezi aweza kumimina mara ya pili, na hakuna kitakachofurika kumwonya. Ndiyo sababu wenye sanaa hii hawazungumzi wakiwa kazini, hawavuti sigara, hukagua maganda yote kwa taa kabla ya kuyafunga, na hupima kwa mizani inayoonyesha tofauti ya miligramu sita au saba. Vipimo hawavibuni. Huvichukua katika majedwali ya viwanda vya baruti, ambavyo vimepiga risasi hizo katika mitutu ya majaribio yenye vyombo vya kupima nguvu ya gesi.

Yako mengine madogo ambayo asiyefundishwa hawezi kuyawaza. Bunduki nyingi za wenzo huweka risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile. Kwa sababu hiyo risasi zake zilifanywa bapa kichwani. Akitia zenye ncha kali, mtikiso wa mpigo mmoja waweza kuifanya ncha kuwa kipigio, na bomba zima likalipuka chini ya kiganja cha mkono wa kushoto. John Browning alipochora bunduki ya wenzo ya 1895, ile ambayo Theodore Roosevelt aliibeba katika safari yake ya uwindaji Afrika ya Mashariki mwaka 1909, risasi zilipangwa katika kisanduku, si katika bomba, na tatizo hilo likaondoka.

Tukiyajua hayo, turudi kwenye mugobore. Mtutu wake mara nyingi ni bomba la maji. Tairi la gari linajazwa upepo wa angahewa mbili hivi. Bomba la maji la nyumbani hutengenezwa livumilie angahewa kumi au zaidi kidogo. Risasi ya baruti nyeusi ya bunduki ya wenzo hufikia karibu angahewa 900, na ile ya bunduki ya kivita ya kisasa hupita 3,000. Msomaji hahitaji kuwa mhandisi ili aone tofauti. Bomba hilo halina michirizi, halikupimwa, halina kufuli inayobana kitako cha ganda. Likipona leo, nyufa zisizoonekana hubaki ndani yake zikingoja. Aliyelishika mara nyingi ni kijana aliyeambiwa kwamba limekwisha kujaribiwa, na jaribio lenyewe lilikuwa mpigo mmoja. Vidole na macho ndivyo vinavyolipa, kabla hata hatujamtaja yule aliyeelekezewa.

Risasi yenyewe inayotiwa humo nayo ina historia isiyojulikana. Baruti isiyo na moshi huchakaa polepole, na joto huharakisha uchakavu huo. Bujumbura si mji wa baridi. Chini ya mabati, mchana wa kiangazi, sanduku la chuma huwa tanuri. Risasi iliyokaa hapo tangu miaka ya vita huenda isiwake. Huenda ikachelewa sekunde moja, wakati mpigaji amekwisha kuigeuza bunduki amtazamishe rafiki yake. Huenda ikawasha fataki tu, risasi ikakwama katikati ya mtutu, na ya pili ikaifuata. Kwa macho, risasi mbovu na nzima hufanana. Wakaaji wa Dar es Salaam walionja hatari ya risasi na mabomu yaliyohifadhiwa wakati maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Hayo yalikuwa maghala yenye walinzi, tena si masanduku ya nguo.

Neno kwa wanaoyeyusha risasi kwa kazi halali, iwe chubwi za nyavu, iwe betri kuukuu za magari. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Vumbi na moshi wake huingia mwilini na kukaa mifupani, na kwa mtoto hudhoofisha akili. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kazi hiyo isifanywe ndani ya ua wanamocheza watoto, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Tena, chakavu chochote kichambuliwe kabla ya kutiwa motoni: risasi nzima iliyojificha kati ya vipande vya shaba haitasubiri kuyeyuka.

Kwa upande wa sheria, Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo inazitaka nchi kuhesabu kuwa kosa la jinai kutengeneza silaha bila leseni, na kuzuia kabisa raia wasimiliki bunduki za kujifyatua zenyewe. Sheria yetu ya silaha ndogo ndogo ni ya mwaka 2009. Mkataba wa Kinshasa wa tarehe 30 Aprili 2010, kwa ajili ya nchi za Afrika ya Kati, umekwenda mbele zaidi: hata katika jina lake umetaja risasi, pamoja na vipande vyote vinavyoweza kutumiwa kuunda, kutengeneza au kuunganisha silaha. Asemaye, «Mimi sina bunduki, nina risasi tatu tu na bomba moja,» hajajitoa nje ya mkataba huo.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Ganda lililopigwa ni shahidi. Kipigio cha kila bunduki huacha alama yake kwenye fataki, na kucha ya kulitoa ganda huacha mkwaruzo wake kwenye ukingo. Mchunguzi aweza kulinganisha alama hizo na kujua kama maganda mawili yalitoka katika bunduki moja. Ganda lililojazwa tena hubeba mikwaruzo ya bunduki mbili au tatu, na ushahidi huchanganyika. Kuokota ganda mahali penye tukio na kulitia mfukoni, hata kwa nia njema, ni kumnyamazisha shahidi huyo.

Ngagara ni mtaa wa nyumba za zamani. Wazee wangali wanauita OCAF, kwa jina la ofisi ya Wabelgiji iliyoujenga katika miaka ya 1950. Nyumba hizo sasa zinaongezwa vyumba, misingi inachimbwa, vyoo vinahamishwa, na kila masika Ntahangwa unakula kingo zake. Chombo cha vita kilichozikwa na mtu aliyekwisha kuhama au kufa chaweza kutokea chini ya sepetu ya kibarua asiyejua lolote. Kibarua huyo hana kosa. Asikigonge, asikiinue, asikisafishe kwa maji ili akione vizuri. Asimame, aweke kijiti au kitambaa hatua chache kando, awaondoe watoto, na mmoja aende kwa nyumba kumi au kwa mkuu wa kartie, ambaye ataita polisi. Vivyo hivyo kwa mzazi anayemwona mtoto wake akipigapiga risasi kwa jiwe: amwambie kwa sauti ya utulivu aiweke chini na aje. Risasi inayolipuka nje ya bunduki hairuki mbali kama ya mtutuni, lakini ganda hupasuka, na vipande vyake vyatosha kumpofusha.

Kilichobaki ni woga wa mwenye nacho nyumbani. Mjane aliyekuta gobori au mfuko wa risasi katika vitu vya marehemu hulala nao chini ya kitanda miaka kumi, kwa sababu anaogopa swali la kwanza atakaloulizwa kuliko anavyoiogopa risasi. Woga huo una sababu, na kuukemea hakufai. Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa Mwezi wa Msamaha wa Afrika: anayesalimisha silaha kwa hiari katika mwezi huo, azimio lasema, asitangazwe, asifedheheshwe, asikamatwe wala kushitakiwa. Anayetaka kujua utaratibu unavyofanyika hapa kwetu aweza kuuliza kabla hajagusa kitu, tena aweza kumtuma amwaminiye aulize kwa niaba yake: mkuu wa kartie, padri, mchungaji au imamu. Asibebe chochote kwenye basi wala kwenye pikipiki. Atoe habari tu, na polisi ndio watakaokuja kukichukua.